Kilimo Hai Hakishuki kwa Ndege

Mwezi Desemba, katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, afisa wa ukaguzi alifungua mkoba wangu akatoa suruali mbili, pakiti tatu za majani ya chai nilizompelekea shangazi, kisha rundo la majarida lililofungwa kwa kamba ya katani. Akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba yalikuwa mangapi. Nikamjibu arobaini, na nikaharakisha kuongeza kwamba hayakuwa ya biashara, yalikuwa ya wakulima. Akachomoa la juu. Lilikuwa *Mkulima Mbunifu*, jarida la Kiswahili linalochapishwa Tanzania tangu 2011 kwa ajili ya wakulima wadogo. Hakusoma maneno, alitazama picha ya tawi lenye majani membamba, pembeni yana meno kama msumeno.

"Huu si mnim?"

Nikamwambia ndio huohuo, sisi tunauita mwarobaini. Akataka kujua unafanya nini katika gazeti la wakulima. Nikamweleza upesi, maana foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu: kokwa zinatwangwa, zinalowekwa usiku kucha, maji yake yanachujwa na kunyunyiziwa mboga, na wadudu wengi wakiyaonja wanaacha kula. Afisa akacheka, akanyoosha kidole mlangoni. Nje, mitaa ya Juba imejaa miarobaini. Ndiyo kivuli cha mji ule. Mama yake analima Yei, akasema, na kila msimu humpigia simu kuomba pesa za dawa ya wadudu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba si ya mtu anayekagua, kama angeweza kubaki na nakala moja. Yeye Kiswahili hasomi, ila mkewe alikulia Kakuma kama mimi.

Nilitoka pale na nakala 39.

Insha hii niliianza majuma manne baadaye, katika uwanja huohuo, nikingoja ndege ya kunirudisha Nairobi. Walimu wetu hutuonya tusiandike tukiwa na hasira. Naomba radhi. Ile insha ya utulivu niliijaribu mara mbili ikanishinda.

Kwa asiyepajua, uwanja wa Juba umo mjini, si nje ya mji. Kabla ya jengo jipya kufunguliwa 2018 abiria walihudumiwa ndani ya mahema, na wazee wa safari bado wana hadithi za mahema hayo. Sasa kuna viti na kivuli, na mtu akikaa saa tatu akitazama nje anaweza kujifunza mengi kuhusu nchi yangu. Ndege nyeupe ni nyingi kuliko zenye rangi. Kuna za Umoja wa Mataifa, kuna helikopta, kuna ndege za mizigo zenye matumbo makubwa. Februari 2017 njaa ilitangazwa rasmi katika kaunti za Leer na Mayendit, na kwa miaka mingi nafaka imekuwa ikidondoshwa kutoka angani penye maji na matope yasiyopitika. Sina ugomvi na ndege hizo. Mwenye njaa hapewi mhadhara juu ya mboji. Ugomvi wangu ni na shehena nyingine inayoshuka hapo kila juma, isiyopimwa kwa kilo wala kupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Ni maarifa.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilihesabu watu 11 waliopita mbele yangu wakiwa na vitambulisho shingoni na mikoba ya kitambaa iliyoandikwa kwa Kiingereza maneno ya ustahimilivu, riziki na tabianchi. Walikuwa na nyuso za wema, na sina sababu ya kuwashuku. Wanakuja kufundisha. Watalala hotelini, watafundisha siku tatu, wataondoka siku ya nne kabla udongo haujajua kwamba walikuja. Nje ya uwanja, sokoni Konyo Konyo, nyanya zinazouzwa zimepanda lori Uganda na kupitia Nimule, kwenye ile barabara ya kilomita 192 iliyokamilishwa kwa lami 2012. Ardhi yetu inayofaa kulimwa ni kubwa mno, na inayolimwa ni chini ya asilimia 5. Nyanya tunanunua kwa jirani, ujuzi wa kupanda nyanya tunaletewa kwa ndege, na vyote viwili vinaoza haraka kwenye joto la Juba.

Nieleze sasa kwa nini nina hasira, maana msomaji asije akadhani ni hasira ya kimaandishi tu.

Shangazi yangu analima bustani ukingoni mwa Nile, upande wa Gondokoro. Ana bamia, ana mlenda ambao wao huuita khudra, ana jirjir, na siku hizi ana sukuma wiki kwa sababu watu waliorudi kutoka Kenya wanaiulizia. Mwaka juzi aliitwa kwenye mafunzo ya kilimo hai. Walioyaandaa siwataji, nia yangu si kumchongea mtu, na wangeweza kuwa wowote. Yalikuwa mafunzo ya siku tatu ndani ya ukumbi wa hoteli. Picha zilioneshwa ukutani, maneno yalikuwa ya Kiingereza, na kijana mmoja alipewa kazi ya kutafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Nimesikia kwamba siku ya kwanza alijitahidi. Siku ya pili alichoka. Na kuna neno moja ambalo hakulitafsiri tangu mwanzo hadi mwisho, akaliacha lilivyo: "oganik".

Shangazi alirudi na fulana, cheti, posho kidogo ya nauli, na imani kwamba "oganik" ni jina la dawa.

Msimu uliofuata vidukari walivamia bamia zake. Akaenda sokoni akamwambia muuzaji anataka oganik. Muuzaji, ambaye pengine naye alikuwa hajui au pengine alijua sana, akampa maji meupe ndani ya chupa ya soda isiyo na karatasi yoyote. Shangazi akayachanganya na maji ya mto kwenye ndoo, akachovya ufagio, akapita mstari kwa mstari akirashia mkono mtupu. Siku mbili baadaye akachuma. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebambuka nilipomkuta, na macho yalikuwa yakimtoka machozi bila kulia. Zile bamia aliziuza. Nyingine tulizila sisi, siku ya kwanza niliyofika, na zilikuwa tamu.

Aliponieleza hayo alinionesha cheti chake ukutani. Amekitia ndani ya mfuko wa plastiki kisije kikaliwa na mchwa. Nilikisoma. Kinasema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mwenye jina hili amehitimu mafunzo ya kilimo hai.

Nani wa kulaumiwa hapa? Si shangazi. Si yule kijana mkalimani, ambaye nadhani alilipwa kidogo kuliko dereva. Nalaumu dhana. Nalaumu ile dhana kwamba mkulima ni debe tupu, na elimu ni maji yanayoweza kumiminwa ndani yake kwa siku tatu kabla ndege haijaondoka. Wanaoshikilia dhana hiyo wakikuta debe limevuja, huandika ripoti kwamba wakulima wana uelewa mdogo, na ripoti hiyo huombewa fedha za mafunzo mengine ya siku tatu.

Kilimo hai kuliko kilimo kingine chochote hakiwezi kufundishwa hivyo. Kilimo cha mbolea ya gunia unaweza kukifundisha kwa mchana mmoja ukipenda: kiasi hiki, shimo hili, wiki hii. Ujuzi wake mwingi umefungiwa kiwandani ukaandikwa juu ya gunia. Katika kilimo hai ujuzi huo lazima ukae kichwani na mikononi mwa mkulima mwenyewe, maana hakuna gunia. Lazima ajue mboji imeiva kwa kuipapasa na kuinusa. Lazima ajue zao lipi lifuate lipi, matandazo yawe mazito kiasi gani wakati wa kiangazi, mdudu yupi ni adui na yupi anamla adui. Hata huo mwarobaini una masharti yake. Kiasi cha gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, unaloweka usiku kucha, unachuja, unatia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani, kisha unanyunyizia jioni, kwa sababu jua la mchana huivunja nguvu yake. Mvua ikinyesha unarudia. Anayefundishwa mwezi wa Februari, wakati bustani haina mdudu, atasahau hayo yote kabla ya Mei.

Ndiyo maana utaratibu wa shamba darasa, ulioanza Indonesia 1989 katika mashamba ya mpunga kwa msaada wa FAO na kufika Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, ulikataa ukumbi. Kikundi cha wakulima hukutana kila juma, shambani, msimu mzima, tangu kupanda hadi kuvuna. Sehemu moja hulimwa kwa njia ya zamani, sehemu nyingine kwa njia mpya, na wenyewe hupima, huchora, hubishana. Anayeitwa mwalimu kazi yake kubwa ni kuuliza. Hakuna jambo la ajabu hapo. Mama zetu walitufundisha kupika vivyo hivyo. Ila shamba darasa halipigiki picha vizuri, na halitoshei kati ya ndege ya Jumatatu na ndege ya Alhamisi.

Najua nitakaloambiwa na baadhi ya wenzangu, kwa sababu nimeshaambiwa bwenini. La kwanza ni kwamba Sudan Kusini haihitaji kufundishwa kilimo hai kwa kuwa wakulima wake tayari ni wa kilimo hai. Wengi wao hawajawahi kushika mbolea ya dukani. Hoja hii inapendwa pia na wageni, wanaoitamka kwa sauti ya kutupongeza. Mimi inaniudhi. Kukosa si kuchagua. Mtu asiye na viatu hatumwiti mwanariadha wa miguu mitupu. Shamba lililolimwa miaka sita mfululizo mtama juu ya mtama, mabua yakachomwa moto, udongo ukaachwa uchi upigwe na mvua, shamba hilo halina kemikali na wala si hai. Linakufa polepole bila risiti. Kisha vita vilivunja hata ule ujuzi wa zamani uliokuwapo. Watu wa Yei na Kajo Keji waliokimbia 2016 kwenda Bidi Bidi, huko Yumbe nchini Uganda, walipewa viwanja vidogo vya mita 30 kwa 30. Mtoto aliyekulia hapo amejua bustani ya jikoni lakini hakuwahi kumwona babu yake akipumzisha shamba. Mimi mwenyewe nilikulia Kakuma, kwenye ukame wa Turkana, ambako tulipanga foleni ya mahindi. Nilijifunza neno "jembe" darasani kabla sijalishika.

La pili ni zito zaidi, nalo ni Sri Lanka. Aprili 2021 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku mbolea na dawa za viwandani kwa mkupuo mmoja, mavuno ya mpunga yakaporomoka, chai ikaumia, na kabla ya mwaka kwisha amri ikabidi kulegezwa. Unataka tuwe hivyo, wananiuliza, katika nchi yenye njaa? Hapana, sitaki. Na namshukuru anayeuleta mfano huo, kwa sababu ananisaidia. Sri Lanka ilijaribu kukipata kilimo hai kwa amri, bila muda wa wakulima kujifunza, bila mboji ya kutosha, bila vikundi. Ilitoa vitu mikononi mwa watu kabla ya kuweka ujuzi vichwani mwao. Mimi sitaki mtu yeyote apokonywe gunia lake. Mkulima wa Magwi mwenye uwezo wa kununua mbolea na anayeijua, ainunue. Ninachosema ni kwamba mkulima asiye na fedha za gunia, ambaye ndiye mkulima wa kawaida Sudan Kusini, ana haki ya kujua la kufanya na samadi, majivu, majani na miti iliyomzunguka, na ana haki ya kulijua kwa lugha anayoiota. Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata, hawakungoja mtu apate fedha.

Haya si ndoto za kijana aliyesoma vitabu vingi. Majirani zetu wamefanya. Kenya ilikuwa na chuo chake cha kilimo hai, KIOF, tangu 1986. Huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, watafiti wa icipe walikuja na mbinu ya sukuma-vuta: desmodiamu katikati ya mahindi kumfukuza bungua wa shina na kuzima kiduha, na mabingobingo pembeni kumvuta bungua aende kutaga huko. Mbinu hiyo ilisambaa kwa kiasi kikubwa kwa sababu wakulima walitembeleana, mmoja akamfundisha mwenzake kwa Kijaluo au Kiluhya, akimwonesha shamba lake. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapitisha viwango vya pamoja vya mazao ya kilimo hai, na alama yake ikapewa jina la Kiswahili: Kilimohai. Hata uhakiki wake si lazima ufanywe na mkaguzi wa kulipwa anayekuja kwa ndege. Kuna mfumo shirikishi, ambapo wanakikundi hukaguana mashamba, na jirani ndiye shahidi. Jirani hadanganyiki kirahisi. Anajua ulipita na bomba la sumu usiku.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Morogoro, na naomba wenzangu wauangalie vizuri. Mwaka 2009 Janet Maro, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, alishiriki kuanzisha mradi mdogo ulioitwa Bustani ya Tushikamane, na wakulima wa milima ya Uluguru. Hakuwa profesa, hakuwa shirika la kimataifa. Alikuwa na umri kama wetu. Mwaka 2011 mradi ule ukazaa shirika, Sustainable Agriculture Tanzania, lenye kituo cha kufundishia wakulima, na vikundi vyake havikuishia kwenye mboji. Viliweka akiba na kukopeshana. Tuseme kweli, jina Tushikamane lina kazi nusu. Mkulima mmoja akijaribu jambo jipya akashindwa, ni kichekesho cha kijiji. Wakijaribu kumi wakashindwa, ni jaribio, na kesho watajaribu kwa namna nyingine.

Na John Garang je, ambaye picha yake iko kwenye noti zetu? Alisoma sekondari Tanzania, akarudi tena Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya shahada yake ya kwanza Marekani, na tasnifu yake ya uzamivu ya 1981, huko Iowa, ilihusu maendeleo ya vijijini katika eneo la mradi wa Jonglei. Alihimiza fedha za mafuta ziwe mtaji wa kilimo. Tunamtaja kwa bendera na kwa nyimbo. Sijasikia wengi wakimtaja kwa samadi.

Sasa nije nyumbani, kwenye idara zetu za Kiswahili, na hapa natarajia kupoteza marafiki wawili watatu.

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya 2016 tumekuwa na furaha kubwa. Kiswahili kinaenea! Kimepanda Nile! Umoja wa Afrika umekikubali 2022 kuwa lugha ya kazi, UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai, na viongozi wa Juba wameomba walimu wa Kiswahili kutoka Tanzania. Kila kongamano lina mada ya kuenea kwa Kiswahili. Nimekaa kwenye makongamano hayo nikapiga makofi. Nimekula sambusa zake. Lakini nilipokuwa ukingoni mwa Nile, na shangazi akininyoshea vidole vilivyobambuka, nilijiuliza Kiswahili kilichoenea hadi Juba kimemletea nini yeye. Jibu la kweli ni kwamba hakijamletea chochote, isipokuwa mpwa anayekisomea.

Lugha haipendwi kwa kutangazwa na mkutano wa wakuu wa nchi. Inapendwa inapoingia mkononi mwa mtu na kitu ndani yake. Na Kiswahili kinacho kitu! Sijui lugha nyingine ya Kiafrika katika ukanda wetu yenye maarifa ya kilimo hai yaliyoandikwa kwa wingi na kwa lugha nyepesi kama hii yetu. Mboji, matandazo, kitalu, mzunguko wa mazao, kilimo mseto: maneno haya yapo, yamekomaa, yanaeleweka Mbeya na Kitale. Badala ya kuyavusha mpaka tunajadili kama Sudan Kusini itumie silabasi ya Kenya au ya Tanzania. Sisi nasi tumekuwa kama wale wa mikoba ya kitambaa. Tunashuka na lugha yetu, tunaitangaza, tunaondoka.

Na mimi ni mmoja wao. Nakala zile 40 nilizibeba kwa majivuno. Niliwaza nitafika, nitazigawa, nitashukuriwa. Kikundi cha shangazi kina wanawake 14, na ni wawili tu wanaosoma Kiswahili. Wengine wanazungumza Kiarabu cha Juba, Kibari, na Kiacholi kidogo. Nilikuwa nimewaletea "oganik" nyingine, yenye picha nzuri zaidi.

Basi ikabidi nifanye kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kupanda ndege. Jioni tatu tulikaa chini ya mwarobaini, mimi na jarida mapajani, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Niligundua kwamba nusu ya njia tayari ilikuwa imelimwa. Bamia ni bamia kwao pia. Sabuni ni sabun. Na nilipofika kwenye ukurasa wa vikundi vya akiba nikatamka "sanduku", wakacheka wote kwa pamoja, maana sanduk ndilo jina la mchezo wao wa kuchangiana fedha kila juma. Walikuwa nao tangu zamani, hakuna aliyewafundisha. Na nafir, kazi ya kusaidiana kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, wanaifahamu kama wengine wanavyoufahamu msaragambo. Wale wa warsha huja na somo la kuwaunganisha wanawake hawa. Wameungana kitambo. Kilichowapungukia ni kitu cha kujadili wakiwa wameungana.

Walinisahihisha pia. Jarida lilisema majivu yatiwe kwenye kitovu cha mhindi kuzuia viwavi. Bibi mmoja akasema si majivu ya mti wowote, mengine huunguza jani, na akataja miti miwili kwa Kibari ambayo bado naitafutia majina ya Kiswahili. Nimeyaandika daftarini. Ukurasa huo wa daftari naamini una thamani kuliko insha yangu ya muhula uliopita, iliyopata alama nzuri.

Je, dawa ya mwarobaini ilifanya kazi? Kiasi. Mara ya kwanza mvua isiyo ya msimu iliiosha usiku uleule. Mara ya pili vidukari walipungua sana kwenye bamia, lakini jirjir iliendelea kutobolewa na kitu ambacho hatukukijua. Shangazi hakuridhika. Alisema ile ya chupa iliua siku hiyohiyo. Nikamwambia ni kweli, na nikamtazama vidole. Akanyamaza, kisha akasema atagawa bustani: mistari mitatu ya mwarobaini, mistari mitatu asiweke kitu, aone. Hakuna aliyemwambia neno shamba darasa.

Ninapoandika haya ndege yetu imeanza kuitwa, kwa hiyo nimalize na ninachokitaka. Zimebaki nakala 24, ziko kwa shangazi ndani ya mfuko uleule wa cheti. Nataka wanafunzi watano wa idara yetu, hata wasiojua neno moja la Kiarabu, tukae nami kuanzia wiki ya tatu ya muhula huu tuchague kurasa 12 tu: mboji, kitalu, mwarobaini, majivu, kuhifadhi mbegu, mzunguko wa mazao. Tuzifupishe kwa Kiswahili cha sentensi fupi, mimi na mwenzangu mmoja wa Torit tuzitie katika Kiarabu cha Juba, kisha tuzisome kwa sauti na kuzirekodi kwenye simu, kwa sababu simu inafika pasipofika karatasi. Kwa walimu wetu, naomba jambo moja: kazi hiyo ikubaliwe kuwa mradi wa somo la tafsiri, badala ya ile hotuba ya balozi tunayoitafsiri kila mwaka. Bibi wa majivu anasema mvua za kwanza huanza kwao mwezi wa Aprili. Mahindi yakishafika gotini, ukurasa wa viwavi utakuwa umechelewa.